Mke wa Siku za Mawe

Najua utasema nilikuwa na wivu, na mwenye wivu huona vitu. Sawa, nilikuwa nao, sikatai. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu haya, saa kumi na moja jioni, sijaonja hata tone la pombe ya rubisi. Nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya kanisani. Mtu wa kwaya nikudanganye ili nipate nini?

Kwetu ni Nyabiyonza. Mume wangu, Projesti, alikuwa na pawatila, ile trekta ndogo unayotembea nyuma yake umeshika mikono miwili. Fundi alimchomelea bati nene la pipa kwa mbele, basi kila mvua ikinyesha Projesti anakwangua matope barabarani. Magari ya kahawa yakapita, bodaboda zikapita, watu wakamsifu. Na mimi nikaanza kuumia. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mwenye njia mbovu alikuwa mwanamke! "Projesti, pita na kwangu." "Projesti, usinisahau." Akirudi nyumbani nilikuwa namnusa shati. Niamini, nilimnusa kama mbwa.

Aliyeninyima usingizi zaidi ni Adelina, dada wa Muleba aliyekuja kuuza mitumba, akapanga nyumba kando ya barabara yetu. Anacheka vizuri yule dada. Kile kicheko kilikuwa kinanichoma hapa, chini ya ziwa la kushoto.

Siku hiyo mvua ya mawe ilitukuta kanisani. Bati lilipigwa mpaka tukawa tunaona midomo ya wenzetu ikiimba bila kusikia sauti. Ilipokatika tukafungua mlango. Nje kweupe! Barafu imejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, mabondeni hadi magotini, majani ya migomba yamechanika kama matambara. Wenzangu wakaanza kulilia kahawa zao. Mimi nikatazama barabara.

Katikati ya weupe ule palikuwa na njia iliyokwanguliwa vizuri, upana wake sawasawa na bati la Projesti, barafu imesukumwa pembeni ikawa tuta. Na asubuhi nilimwacha ameifungua injini yote, ananiambia, "Leo hii haiwaki, mke wangu." Kumbe inawaka! Tena njia yenyewe imepita mbele ya kanisa bila kusimama, imeelekea kwa Adelina.

Nikaifuata. Mkononi nina kitabu changu cha nyimbo tu, lakini nilikuwa tayari kumpiga mtu nacho.

Adelina nilimkuta barazani anafagia barafu, kajifunga kanga, miguu mitupu inatetemeka.

"Dada, afadhali umekuja," akasema. "Mwambie shemeji na mimi anisafishie hapa. Kapita sasa hivi, nimemwita mpaka sauti imekauka, hata kugeuka hakugeuka."

"Kaelekea wapi?"

Akaninyooshea fagio mlimani, njia ya Bweranyange.

Hapo ndipo ningerudi nyumbani. Mtu mwenye akili angerudi, si ndiyo? Huko juu hakukai mtu. Kuna kibanja cha zamani, shamba la migomba lililoachwa; wenyewe walihamia Bugomora kabla sijaolewa, kimebaki vichaka. Lakini wivu una miguu yake. Ulinipandisha.

Njia ikanifikisha uani. Vichaka havikuwepo. Palikuwa na nyumba, uwanja umefagiliwa, vumbi kavu kabisa, wakati huku nyuma yangu mlima mzima ni barafu. Kuku walikuwa wanachakura pale, na nakwambia, hawakutoa sauti hata kidogo. Mlangoni, juu ya nyasi mpya zilizotandikwa, aliketi mwanamke. Si kijana, si mzee. Mzuri? Alikuwa mzuri, ndiyo, Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyomchukia.

Akanisalimia kwa Kinyambo chetu, taratibu, kama mtu anayenifahamu. Kisha akasema, "Karibu, mwenzangu. Mume wetu ametoka sasa hivi."

"Mume wenu wewe na nani?"

"Wangu na wako."

Nikahisi masikio yanawaka moto. Nikamtukana. Sitayarudia matusi yale, mimi ni mtu wa kwaya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, wala hakukasirika.

"Mimi sina choyo," akasema. "Siku za jua ni zako. Siku za mvua ya kawaida ni zako. Nipe hizi za mawe tu."

Mara ngapi mvua ya mawe hunyesha kwetu? Nikaona ananidhihaki. Nikapiga kelele, "Mchukue! Mchukue na pawatila yake!"

"Umesema?"

"Nimesema!"

Akainamisha kichwa, akapiga makofi mawili mepesi, kama tunavyoshukuru tukipewa kitu. "Umenipa," akasema, akaingia ndani.

Sijui kwa nini nilianza kukimbia. Hakunifukuza mtu. Nilianguka mara mbili kwenye ile barafu nikafika nyumbani magoti yanatoka damu. Na nani nilimkuta ameketi sebuleni? Projesti! Mikono imejaa grisi, vipande vya injini vimepangwa juu ya gunia.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Aende wapi, mwanangu? Tangu mvua ianze amenishikia ndoo pale panapovuja."

Jumapili watu walimshukuru kwa kusafisha njia. Yeye akashangaa, akadhani wanamtania.

Ilipita miezi. Siku moja tunakula, mawe yakaanza kugonga bati. Projesti akaacha tonge kwenye sahani, akasimama. Mama yake akamzuia mlangoni, naye akamsogeza mama pembeni kama mtu anayesogeza kiti. Akawasha pawatila, akaondoka. Nilimfuata, mawe yakanipasua kichwa, nikampotezea kilimani, kwenye vichaka. Alirudi barafu ilipoyeyuka, shati kavu, akitabasamu. Tabasamu hilo sijawahi kupewa mimi, miaka yote ya ndoa. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema, "Si nilikuwa hapa hapa?" Na hadanganyi. Hakumbuki.

Mchungaji ameomba. Pawatila tumeiuza. Mvua ya mawe iliyofuata alibeba jembe akaenda kwa miguu, na njia nyuma yake ilikuwa safi vilevile. Siku hizi nikiona wingu jeupe limekaa vibaya, nampikia mapema, namkatia kucha, namtazama. Ndiyo, namwandaa aende kwa mwenzangu. Unacheka?

Nimepanda kile kilima mara nyingi, nimesimama kwenye vichaka nikaita, "Nimeghairi! Mume wangu simtoi!" Hakuna anayeitika.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza: ukiwa na wivu, kuwa nao. Gombana naye, lia, mnuse shati. Mtukane huyo unayemshuku mpaka majirani watoke nje. Lakini usimtamkie mtu usiyemjua kwamba amchukue. Ni neno moja, linatoka upesi mno, na mimi hadi leo sijapata wa kunirudishia.