Kijiji Kisicholia

Harufu ya yai viza ndiyo iliyotupokea kila tuliporudi kutoka shule, hata kabla hatujaona mapaa ya nyumba. Ilitoka kwenye chemchemi ya maji moto iliyoko chini ya kijiji chetu, upande wa Mpimbwe, mahali ambapo maji huchemka yenyewe bila kuni na asubuhi mvuke hupanda kama wa sufuria ya wali. Watu walikuja kuoga ili wapone: wafugaji wa Kisukuma wenye magoti yaliyovimba, wavuvi wa Ikola wenye migongo isiyonyooka, kina mama wa Mpanda wenye watoto wasiotembea. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya kuwalaza, na mama aliwapikia wote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," baba alisema akiwapokea mizigo, kisha akacheka peke yake, maana kwetu waliotakiwa kupona walikuwa wageni.

Lakini palikuwa na mwiko mmoja ulioninyima raha ya utoto. Mtu akifa kijijini, hakuna kulia. Wazee walisema kilio kikiyafikia maji, yanakasirika na kupoteza nguvu. Mimi nadhani waliogopa zaidi wageni kufunga mizigo. Maiti ilipitishwa njia ya mashambani, na wafiwa waliruhusiwa kulia wakishavuka mto. Kwingine mtoto huujua msiba kwa vilio. Mimi niliujua kwa kimya: michi inaacha kutwanga, redio inazimwa, wanawake wanafagia uwanja ambao umeshafagiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulificha hata kilio. Nilikiogopa kimya hicho kuliko nilivyomwogopa fisi.

Nilipokuwa darasa la nne, sista mmoja mzee wa Kizungu, aliyetufundisha katekisimu parokiani, alituambia kwamba naye alizaliwa kwenye mji wa maji moto huko kwao Ulaya. Zamani sana walikuja askari kuosha vidonda. Baadaye wakaja wafalme na matajiri, wakawa wanatembea bustanini na vikombe vya maji yale mkononi huku bendi ikipiga. Vikaja vita, hoteli zikajaa majeruhi. Vita vilipokwisha, bendi ikarudi. Alituonyesha picha ya mabibi wenye kofia pana, wote wanatabasamu. Nikamuuliza, "Sista, waliokufa walikuwa wanawazika wapi?" "Walitolewa kwa mlango wa nyuma, mwanangu, alfajiri," akasema. "Ili wageni wengine wasiogope." Nilikuwa nimetumaini kwamba Ulaya mambo ni tofauti. Usiku ule usingizini nikawaona wale mabibi wakibebwa, kofia zao zikiwa bado kichwani.

Kiangazi cha mwaka huo huo, baada ya mavuno ya mpunga, baba alianguka shambani. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukapinda, na maneno yake yakawa ya kubahatisha. Dawa za zahanati zilipokwisha, mama alitaka tumpeleke hospitali Mpanda. Bibi, mama yake baba, alikataa katakata. "Watu wanatoka Mpanda kuja kwetu, nyie mnataka kumtoa kwetu kwenda Mpanda! Hao wageni watatuelewaje?" Hakuwa mkatili; baba alikuwa mwanawe wa pekee na aliyaamini maji kama alivyoiamini rozari yake. Basi kila asubuhi baba akabebwa kwenda kuogeshwa, na kila siku alirudi mwepesi zaidi mikononi mwa waliombeba. Nami nikitoka shule nilisimama kwanza njiani, nikisikiliza. Nikisikia mchi, nilishusha pumzi na kuingia.

Siku moja sikusikia kitu. Nilifika uwanjani nikamkuta bibi anafagia. Barazani wageni wamekaa na taulo shingoni, na mfugaji mmoja mwenye goti bovu akaniuliza, kwa upole kabisa, shule ilikuwaje. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna msiba. Mama akatokea mlangoni, akaniona, akafumbua mdomo. Bibi akatupa ufagio, akamrukia, akamziba mdomo kwa kitenge. "Nyamaza, mama Yustina. Wageni wapo." Mama akautoa ule mkono taratibu, akalia. Alilia hadi bonde likaitikia. Niliogopa maji yatakauka, niliogopa kijiji kitatufukuza, niliogopa hata kumsogelea. Maji hayakukauka. Wageni ndio walioondoka kabla jua halijazama, isipokuwa yule mfugaji, aliyekaa chini kwenye vumbi akalia pamoja nasi. Mwisho bibi naye akalia, na hakuna aliyemziba mdomo.

Sasa naishi Makanyagio, mjini Mpanda. Mwisho wa wiki bodaboda huwapeleka vijana kule kwetu. Wanachemsha mayai kwenye maji, wanapiga picha, wanarudi wakicheka. Wagonjwa bado wanakwenda, ila wengi hupitia hospitali kwanza. Juzi juzi kule kijijini alifariki jirani yetu, spika za msiba zikasikika hadi kwenye chemchemi, na watu wakaendelea kuoga. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia mama, akiwa anapepeta mchele, nikamuuliza kama siku ile alipomlilia baba hakuogopa.

"Niliogopa sana," akasema. "Walisema nimeua kijiji." Akapuliza makapi. "Lakini kunyamaza kule kulikuwa kwa ajili ya wageni, mwanangu. Baba yako hakuwa mgeni, alikuwa kwake."