Mbegu Zilizotaka Baridi

Miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia nilipata kazi ya bustani kwa mama mmoja wa Kiingereza. Shamba la mumewe lilikuwa kati ya Njombe na Makambako, na mume wangu alikuwa dereva wa trekta palepale. Nilikabidhiwa mboga, maua na kitalu cha miche. Mpishi wa nyumba ile, mtu wa Uwemba aliyesoma misheni na kujua Kiingereza, hakuficha kwamba bustani aliiona ni kazi ya mwanamume.

Mama yule alitamani ua moja la kwao, airisi, lenye majani kama panga na maua ya zambarau. Mbegu zilimfikia kwa posta, ngumu, za kahawia, kubwa kidogo kuliko pilipili manga. Alizipanda kwenye boksi la udongo, akaliweka jikoni karibu na jiko la kuni, kwa kuogopa baridi yetu isiziue. Mimi nilitakiwa kumwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita nilifukua kwa kidole nikazikuta zimeoza. Akaagiza nyingine. Nazo zikaoza.

"Nchi hii haizitaki," alisema, akainua bahasha yenye mbegu za mwisho azitupe.

"Mama, nipe mimi."

"Utazifanya nini?"

"Nitaziweka penye baridi."

Mpishi alicheka. "Dada, zilizokufa kwenye joto ndizo zitapona kwenye sakitu?"

Sikuwa nabahatisha. Mama yangu alilima kinyungu, bustani ya bondeni penye unyevu, na pembeni yake palikuwa na maua ya porini yaliyodondosha mbegu mvua zikiisha. Hazikuota hata moja mpaka baridi ya Juni na Julai ipite. Nilipokuwa msichana nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwanangu, hizo hulala kwanza. Ukiziamsha mapema umeziua."

Basi nilizifunga mbegu kwenye kitambaa nikazitumbukiza mferejini, maji yakapita juu yake siku kumi, mpaka ganda likalainika. Nikachukua chungu chenye tundu chini, nikakijaza mchanga wa mtoni. Mchanga nilikuwa nauminya kiganjani: ukishikana bila kutoa tone, unafaa, ukidondosha maji, nauanika kidogo. Nikazifukia mbegu humo, nikakizika chungu hadi shingoni upande wa bonde usiopata jua, nikakifunika kwa nyasi.

Juni iliingia na sakitu yake, umande ulioganda. Asubuhi majani yalikuwa meupe na vidole vyangu havikunjiki, lakini kila Jumamosi nilishuka kugusa ule mchanga. Mpishi aliniuliza kila mara kama marehemu hawajambo. Nilimjibu kwamba wamelala. Moyoni niliogopa, maana zile zilikuwa za mwisho, na nilikuwa nimezidai mwenyewe mbele ya watu.

Mwishoni mwa Agosti jua lilianza kuwa na nguvu. Nilikichimbua chungu, nikakipeleka kibarazani penye joto la wastani, mbali na jiko. Siku ya kumi na mbili nilifunua nyasi nikaona ncha moja ya kijani, nyembamba kama sindano. Kufikia Jumapili zilikuwa kumi na tisa.

Nilimwita mama mwenye nyumba. Alikuja na aproni yake, akapiga magoti kwenye saruji, akahesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi. "Umeweza," alisema. Mpishi alikuja na sufuria mkononi, akatazama, akarudi jikoni.

Mwaka wa tatu zilichanua, safu nzima kando ya ngazi. Wake wa wazungu walikuja kutoka Makambako na mashamba ya jirani, wakamzunguka mwenye nyumba wakimuuliza siri yake.

"Muulizeni yeye," alisema, akaninyooshea mkono.

Kiswahili chao kilikuwa cha kuagizia chai tu, kwa hiyo mpishi aliitwa kutafsiri. Nilieleza taratibu: mfereji, mchanga, baridi, na kwa nini joto la jikoni huozesha. Alitafsiri neno kwa neno, nao wakaandika kwenye vidaftari vyao. Nilipomaliza, mpishi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, na siku ngapi zile za mferejini? Sikusikia vizuri."

"Kumi," nikamwambia, na jioni ile nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara, si pembeni kama nilivyozoea.