Nibaki Mimi na Mgomba

Ukiingia chumba cha mbele cha nyumba ya mzee Nurdin, pale Majengo, Moshi mjini, kitu cha kwanza utakachokiona ni koti jeusi limening'inia kwenye msumari, na tai yake shingoni. Siku hizi halivaliwi na mtu. Enzi za studio yake ya picha, koti hilo lilifanya kazi kuliko Nurdin mwenyewe: kila mwanamume aliyeteremka kutoka mlimani kuja kupiga picha alivalishwa hilo, likabanwa kwa pini mgongoni kama limempwaya, naye akatoka kwenye picha kama karani wa benki. Wafupi, warefu, wanene, wote koti moja. Nurdin alikuwa na imani yake na hakuionea haya: mtu akikaa mbele ya kamera ana haki ya kuonekana anavyotaka mwenyewe. Kama hana koti, apewe.

Simu za kupiga picha zilipoingia, studio ikafa kifo cha kawaida. Nurdin angekuwa mzee wa kukaa barazani na kulalamika, na kwa muda alikuwa hivyo, mpaka mkewe Nasrin akachoka kumsikiliza. Kilichomwokoa ni jukwaa moja la mtandaoni liitwalo Wana wa Mlimani, ambako watu wa Kilimanjaro waliotawanyika duniani wanakutana kubishana kuhusu mpira, bei ya kahawa, na mtori wa nani, ile supu ya ndizi, ndio mtori. Siku moja Mansi, ambaye babu yake alikuwa na duka la vitambaa mjini na ambaye sasa anaishi Uingereza, aliuliza kama kuna mtu angeweza kumpigia picha ya lile duka. Nurdin akachukua kamera, akaenda. Baada ya Mansi akaja wa Rombo anayetaka kuona kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, kisha wa Old Moshi anayetaka kuona kaburi la bibi yake, na mzee wangu akawa na kazi tena.

Wapo waliomshauri aachane na jukwaa, ahamie WhatsApp kama watu wengine. Alijaribu. Kaburi la bibi wa mtu likapita katikati ya salamu za asubuhi na michango ya harusi, na kesho yake hakuna aliyejua lilipo. Jukwaani kila kijiji kina ukurasa wake, na picha uliyoiweka mwaka juzi utaikuta palepale. Mimi hapo niko upande wa Nurdin.

Tatizo la jukwaa ni kwamba halimezi picha kubwa. Ukiipandisha kama ilivyotoka kwenye kamera, linaitema. Kwa hiyo Nurdin alijifunza kuipunguza picha mpaka iwe nyepesi, kuihifadhi kwenye tovuti nyingine inayotunza picha za watu bure, kisha kunakili kiungo chake na kukibandika jukwaani. Picha inakaa kule, inaonekana huku. Lakini tovuti ile ilikuwa na ukarimu wa hatari: ukiikata picha kulekule kwenye tovuti, jukwaani itaonekana iliyokatwa, ila mtu akiibofya anafunguliwa nzima, kama ilivyopigwa.

Hilo Nurdin alilijua baada ya kumwaibisha Ildefonce. Ildefonce, msemaji asiyechoka wa jukwaa, alikuwa amemwambia shemeji yake wa Mwanza kwamba alikosa kikao cha ukoo kwa sababu malaria ilimlaza kitandani. Siku hiyohiyo alikuwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani, kisu mkononi, anakata ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa. Alimwomba Nurdin amtoe kwenye picha, na Nurdin akaikata ile pembe kwa ustadi. Shemeji akabofya. Jukwaa zima likampa Ildefonce pole ya malaria mpaka akakoma, na hata leo akitaja kuumwa kuna mtu atamuuliza kama mbuzi amekwisha.

Watu walicheka, lakini Nurdin aliumia. Mtu alikuwa amemkabidhi sura yake naye akaivujisha. Tangu hapo akawa anakata picha kwenye kompyuta yake kwanza, kisha anapandisha kile kilichobaki tu. Ubofye usibofye, ungeona kilekile.

Mwaka huu, masika yalipoanza, akapata ujumbe wa faragha kutoka kwa Sifael. Huyu ni binti wa Masama anayefanya kazi Kanada, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila mwaka Nurdin alikuwa akimpigia picha ya mama yake, na kila mwaka Sifael alishukuru na kusema mwakani atakuja mwenyewe.

"Shikamoo mzee Nurdin," aliandika. "Nimepewa likizo fupi. Nisipoichukua sasa ni mpaka Krismasi. Mama kwenye simu ananiambia yuko mzima, nisihangaike, nije Krismasi ndugu wote wakiwepo. Sauti yake kweli ni nzima. Naomba umpigie picha uiweke kwenye ukurasa wetu wa Masama. Nikimwona ndipo nitaamua."

Nurdin alipanda kwa bodaboda, kamera ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, na sehemu ya mwisho akaitembea kwa miguu kwani udongo ulikuwa unateleza. Alimkuta Mama Sifael nje ya jiko, kwenye benchi, amevalishwa gauni la kanisani na kilemba kipya. Pembeni alisimama jirani yake Eliona, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kulima, ndiye aliyekuwa amemvalisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Piga haraka, mvua inarudi."

Sauti ilikuwa ileile ya kuamrisha. Lakini mwili uliobeba sauti hiyo ulikuwa umekwisha. Nurdin alipoinua kamera, Mama Sifael alianza kuegemea upande mmoja, taratibu, na bila Eliona kumdaka angeanguka chini. Wakajaribu tena, akaegemea tena. Mwishowe Eliona akapiga magoti kwenye tope kando ya benchi, akampitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine begani, chini ya ncha ya kilemba, akamshikilia. Mama Sifael akainua kidevu, akatabasamu. Nurdin akapiga.

Akamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Bibi akaitazama sana.

"Huyu Eliona mtoe."

"Mama..."

"Mtoe. Nibaki mimi na mgomba. Sifael akiniona nimeshikwa kama mtoto ataacha kazi yake. Kule kapahangaikia sana. Krismasi si mbali."

Nurdin alisita, na bibi akamwona.

"Baba Sifael ulimvalisha koti," akasema. "Umesahau? Ile picha iko ukutani mpaka leo. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na koti. Alipokufa, siku ya kugawana nguo, watoto walilitafuta sandukuni, na Sifael alililia, alilitaka yeye. Nikawaambia limeibwa. Sasa mimi nakuomba kitu kidogo kuliko koti, unanikunjia uso."

Nurdin akafunga kamera. Akaahidi kukata, na bibi akamwambia aika, asante ya Kichaga, kwa upole ambao hakuuzoea kwake.

Eliona alimsindikiza mpaka kwenye mfereji, magoti yake bado yana tope.

"Mimi ameniapisha kwa Biblia nisimwambie Sifael neno," alisema. "Nimenyamaza. Lakini siku ya msiba ni mimi nitakayeulizwa, mzee Nurdin. Atanishika hapa kwenye kanga aniulize, Eliona, hukuwa na simu?"

"Na mimi nimeahidi."

"Najua umeahidi. Nimesikia."

Akageuka kurudi kwa mgonjwa wake.

Nyumbani Majengo, Nurdin alikaa mbele ya kompyuta na kufanya kazi kama alivyoahidi. Akakata karibu na bega, pale ambapo kitambaa kilificha vidole vya Eliona. Akaongeza mwanga kidogo usoni. Akaipunguza. Ilitoka nzuri. Bibi aliyekaa wima mbele ya mgomba wake, kidevu juu, kama anangoja mtu amjibu vibaya.

Nasrin aliingia na chai, akainama juu ya bega lake.

"Mashallah, mama mzima huyu," alisema. "Basi binti yake atulie, asije akapoteza safari. Aje hiyo Krismasi."

Nurdin aliweka kikombe chini. Nasrin alikuwa amesema neno kwa neno kile ambacho Sifael angesema, na hakuwa na kosa, kwa sababu picha ndivyo ilivyokuwa inasema. Akafungua ile nzima. Nasrin akaitazama, akavuta kiti, akakaa.

"Anayemshika ni nani?"

"Jirani."

"Na binti anatunza wazee wa watu huko," akasema Nasrin polepole. "Baba Abasi, Krismasi gani hiyo?"

Alimwacha na swali lake. Nurdin akageuka kulitazama lile koti ukutani. Alilipenda, na alikuwa na haki ya kulipenda, maana lilikuwa limewapa heshima watu wengi ambao hawakuwa na namna nyingine ya kuipata. Lakini koti halikumzuia mtu kuja kumwona mama yake. Hilo lilimuuma, na lilimuuma zaidi kwa sababu alijua tayari atakachofanya, na kwamba kina jina baya.

Akaifuta picha aliyoikata. Akapandisha ile nzima kwenye tovuti, akaikata kulekule, kama zamani, kabla ya Ildefonce na ndafu yake. Akanakili kiungo, akakibandika kwenye ukurasa wa Masama, na chini yake akaandika maneno ambayo hakuwa ameyaandika kwa muda mrefu: "Mama Sifael, kihambani kwake. Bofya picha uione vizuri."

Watu wakaanza kuandika. Mama yuko imara. Mungu ni mwema. Mgomba huo ni wa aina gani? Kisha ukaingia ujumbe wa faragha wa Ildefonce, mtu ambaye hajawahi kuona jambo akaacha kulisema mbele ya wote.

"Mzee, umerudia kosa lile. Itoe haraka."

"Iache," Nurdin akajibu.

Ildefonce akaibofya tena. "Nimekuelewa," akaandika, na jukwaani hakusema kitu, sifa ambayo nampa hapa kwa kuwa hana nyingine nyingi.

Sifael hakuandika neno. Hakushukuru, hakuuliza. Nurdin alifungua jukwaa asubuhi, akafungua mchana, akamkaripia paka, akamkaripia Nasrin, akaomba radhi. Aliwaza kwamba labda hakubofya. Aliwaza pia kwamba amebofya na sasa anamlaani yeye, Eliona na Masama nzima. Juma likapita hivyo, na siku moja Eliona akapiga simu, akasema kwa kifupi: "Njoo na kamera."

Benchi lilikuwa palepale. Mama Sifael alikuwa amekaa, amevaa nguo za nyumbani, na nyuma yake alikaa Sifael, amemkumbatia, kifua chake kimekuwa egemeo la mama. Alimshika bila kuhangaika, kwa mikono inayoijua kazi hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo mama," Nurdin alisema.

Bibi hakuitikia.

"Nilikuambia ukate."

"Nilikata, mama."

"Ulikata?"

"Alikata, mama," Sifael akasema kabla ya Nurdin kufungua mdomo tena. "Ilikuja wewe na mgomba tu. Ulipendeza."

"Sasa wewe umejuaje?"

"Sikujua kitu. Nilikukumbuka tu, nikaja."

Nurdin alitazama chini. Alikuwa amefika tayari kukiri na kutukanwa, akakuta binti wa watu amemsitiri, amemvalisha koti. Eliona, mlangoni mwa jiko, alijifanya anachochea kuni.

Bibi alimtazama Nurdin, akamtazama Eliona, halafu akaacha kutazama watu. Akaulaza mgongo wake wote kwa mwanawe, uzito wote, kitu ambacho siku ile alikuwa amekikataa mpaka mwisho mbele ya kamera.

"Marahaba," akasema. "Haya, piga."

Nurdin akarudi nyuma hatua kadhaa kwenye tope, mpaka mgomba ukaingia, na Sifael, na Eliona na moshi wake.

"Sifael," bibi akasema, bila kugeuza kichwa.

"Abee mama."

"Lile koti la baba yako halikuibwa."

"Liko wapi?"

Mama Sifael akamnyooshea Nurdin kidevu. Sifael aligeuka kumtazama mzee aliyeshika kamera, hajaelewa bado, na Nurdin akasema kwamba lipo, liko nyumbani kwake kwenye msumari, na kwamba kesho atalileta.