Simenti ya Matanga

Nilipostaafu kufundisha dini, nilimwomba Mungu anipe kazi nyingine ya kichwa, naye akanipa kiti chuo kikuu, kati ya watoto wenye umri wa wajukuu wangu. Tulisoma historia ya majengo na namna wazee wetu walivyojenga. Siku ya kwanza kijana mmoja alinionyesha meza ya mwalimu.

"Papa, unakuya kutufundisha?"

"Hapana. Nakuya kuanguka mitihani pamoja na weye."

Walicheka, wakanisogezea kiti.

Kwa kazi ya mwisho, kila mmoja alitakiwa kupima nyumba iliyojengwa kwa mikono ya mwenyewe. Nilichagua nyumba ya marehemu baba yetu, kule mtaa wa Katuba. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Alibomoa kichuguu kilichokuwa kwenye kiwanja chake, akaukanyaga udongo kwa miguu, akafyatua matofali na kuyakausha kivulini bila kuyachoma. Kila kiangazi alizipaka kuta udongo mpya. Sasa aliishi humo dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita, mjane, peke yake.

Baba alipokufa, dada alitaka nyumba ipakwe simenti kabla ya misa ya kuondoa matanga. Ndiyo desturi ya mtaa wetu: wageni wasikute nyumba ya marehemu ingali ya udongo. Aliuza samaki wakavu wa ziwani Pweto sokoni mpaka simenti ikapatikana, akaikoroga mwenyewe, akashika mwiko mwenyewe. Wageni walisifu sana. Tangu hapo hakuna aliyepaka udongo tena. Tuliona ukuta umemaliza shida zake.

Chuoni nilifundishwa kugonga ukuta kwa vidole na kusikiliza. Niligonga chini ya dirisha la chumba anacholala dada, na ukuta ukalia kama kitu kitupu. Nikatoboa kidogo. Kidole kikaingia chote. Matofali ya baba yalikuwa yamelainika kama bukari, ugali wetu, iliyozidi maji. Mvua ilikuwa ikiingia kwenye nyufa mwaka baada ya mwaka, na ganda la simenti halikuacha unyevu utoke. Mwalimu wetu, mama mmoja kijana, alikuja kuangalia, akanivuta pembeni.

"Papa, mutoe yaya yako humu mbele ya mvua kuanza."

Nilimwomba dada ahamie kwangu, mtaa wa Makomeno. Sikumweleza sababu yote. Nilisema tu kwamba nyumba imezeeka.

"Na weye umezeeka," alisema, huku akipepeta mchele. "Banakubomoa?"

"Yaya, ukuta utakuangukia."

"Baba njo aliujenga. Hauwezi kuniangukia miye. Mudogo yangu, ile masomo inakuharibu kichwa."

Nilirudi tena na tena baada ya misa za Jumapili, na kila mara alinipa chai na kunisindikiza mpaka barabarani. Mawingu yalianza kukusanyika.

Siku ya kutetea kazi mbele ya walimu ikafika. Kwetu siku hiyo ni ya ukoo mzima. Dada alikuja amejifunga kitambaa kipya, akakaa mstari wa mbele. Nilikuwa nimepanga kusema kwa Kifaransa asichokijua vizuri, haraka, bila kumtazama. Lakini mchoro mkubwa wa ukuta ulikuwa umebandikwa ubaoni: udongo kwa rangi nyekundu, simenti kwa kijivu, na maji ya buluu yamefungwa katikati. Walimu waliuliza ni nini kilichoua ukuta uliosimama tangu utoto wangu. Nikaweka kijiti juu ya ile kijivu. Sikuwa na mahali pengine pa kukiweka.

Nje, wenzangu walinimwagia poda kichwani, kama wanavyofanyiwa wote waliofaulu, wakaimba. Dada alisubiri wamalize. Kisha akanipangusa uso kwa ncha ya kitambaa chake.

"Ile ya kijivu, njo simenti yangu?"

"Njo yenyewe, yaya."

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu pale niligonga ukuta."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuhurumia."

Alikunja kitambaa ili poda isionekane. "Basi. Nitatoka."

Alitoka. Mvua kubwa ya kwanza iliuangusha ukuta ule mahali palipokuwa na kitanda chake. Kuta nyingine tulizibomoa wenyewe. Mchoro ulibaki chuoni, na hiyo ndiyo nyumba ya baba iliyobaki.

Sasa tunasali pamoja jioni. Baada ya rozari dada huongeza ombi lake kwa sauti: "Baba, unisamehe, miye njo niliua nyumba yako." Nimemweleza kwamba mtaa wote ulifanya vilevile, na kwamba ilikuwa heshima kwa marehemu. Husikiliza, hutikisa kichwa, na kesho yake huomba tena. Namshukuru Mungu kwamba yuko hai na anaweza kuomba. Kisha nasema Amina, ingawa sikubali anachosema, kwa sababu siwezi kumwacha aimalize sala ile peke yake.