Mwalimu aliyejitosa baharini na darasa lake

Saa mbili asubuhi, maji yamekupwa. Mwalimu wa biolojia amesimama baharini, maji yakimfika kifuani, filimbi mdomoni, macho yakihesabu vichwa. Mbele yake wanafunzi wa kidato cha tatu wanaelea wawili wawili, nyuso chini, mirija ya kupumulia ikiwa imesimama juu ya maji. Kila jozi imebeba kipande cheupe cha plastiki na penseli.

Hakuna anayepiga kelele. Zinasikika pumzi tu kwenye mirija na, mara mojamoja, filimbi.

Mvulana mmoja anainua kichwa, anavua miwani yake ya kupigia mbizi, anatema maji ya chumvi, kisha anatangaza kwamba ameona jongoo bahari mrefu kama mkono wake. Mwalimu hamsifu. Anamuuliza huyo jongoo alikuwa anakula nini. Mvulana anafikiri kidogo, anavaa miwani, anarudi chini kutazama.

"Kazi yangu ndiyo hiyo," mwalimu anamwambia mwandishi wa makala haya. "Kuwarudisha wakatazame tena."

Shuleni wanamwita Mwalimu Pono. Jina hilo alilipata siku ya kwanza alipowaonyesha wanafunzi namna ya kuelea. Alitulia juu ya maji, uso chini, muda mrefu kiasi kwamba mmoja wao akanong'ona kuwa mwalimu amepitiwa na usingizi wa pono. Darasa likaangua kicheko, na jina likamganda. Yeye halimsumbui, anasema anawajua walimu waliobatizwa vibaya zaidi.

Anayemwona leo anavyoteleza majini atapata taabu kuamini kwamba miaka sita iliyopita mwanamke huyu hakuthubutu kuingia baharini zaidi ya magoti.

Alizaliwa na kukulia bara, mtoto pekee wa mama fundi cherehani, katika nyumba ambayo maji mengi kuliko yote yalikuwa yale ya kwenye pipa la kukingia mvua. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima, siku aliyokuja kuripoti kazini katika shule hii. Dirisha la darasa lake linaitazama. Kwa miaka mingi aliipa mgongo akichora ubaoni.

Sura ya matumbawe aliifundisha kwa chaki za rangi. Alijua kuchora. Aliwaeleza wanafunzi kwamba tumbawe si jiwe wala mmea, bali ni vinyama vidogo vinavyoishi pamoja kwa maelfu, vikijijengea nyumba ya chokaa, na kwamba ndani ya miili yao huishi mwani mdogo sana unaowalisha na kuwapa rangi. Walinakili, wakafanya mtihani, wakafaulu.

Hadi siku msichana mmoja wa mstari wa mbele, binti wa muuza nyama wa sokoni, alipoinua mkono na kumuuliza kwa adabu tu kama yeye mwenyewe amewahi kuyaona.

"Nilimwambia sijayaona," anakumbuka. "Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka."

Jioni hiyo alimfuata jirani yake, mzamiaji wa bandarini, ambaye kazi yake ni kuingia chini ya meli na kukwangua magamba yaliyoganda. Ni mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji, akaliweka uani. Somo la kwanza la kuogelea lilikuwa kutumbukiza uso kwenye beseni na kupumua kwa mrija, huku watoto wa mtaa mzima wamejipanga ukutani kutazama mtu mzima anavyooshwa uso.

Habari zilimfikia mama yake huko bara kabla ya wiki kwisha. Alipiga simu. "Mwanangu, nilikusomesha ukafundishe, si ukalowe," alimwambia.

Masomo ya baharini yalikuwa kila Jumapili mchana. Jumapili ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili pia. Ya tatu wimbi lilimwagika ndani ya mrija wake, akavuta maji badala ya hewa, akachanganyikiwa. Alimkaba mzamiaji shingoni kwa nguvu ambazo hakujua anazo, nusura wazame wote wawili. Walipofika ufukweni alikaa mchangani mpaka jua likaanza kushuka.

Baada ya hapo Jumapili zikampita akiwa amejifungia ndani, akisingizia madaftari ya kusahihisha. Mwishowe mzamiaji akaja kubisha hodi.

"Dada, maji ya bahari umeshayanywa," alimwambia akiwa bado mlangoni. "Kilichokuwa kinakutisha kimeshatokea, na upo hai. Twende."

Alikwenda. Miezi michache baadaye alielea juu ya mwamba wa matumbawe kwa mara ya kwanza, na anasimulia siku hiyo kama wengine wanavyosimulia harusi zao. Samaki hawakumshangaza sana, maana alishawaona kwenye picha. Sauti ndiyo iliyomshangaza.

"Mwamba una kelele," anasema. "Unatatarika kama mafuta kwenye kikaango. Miaka yote ile nafundisha, sikujua. Nikacheka ndani ya mrija, nikanywa maji tena."

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa shule na kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi. Mkuu, mwanamume wa makamo anayepima maneno, alikataa palepale. Alisema amekaa kwenye kiti kile muda mrefu na hajapoteza mtoto wa mtu. "Akizama mmoja, tumezama wote," alisema, na hakuwa anatania.

Mwalimu hakubishana naye, kwa sababu aliona ana haki. Alimwomba tu aweke masharti. Mkuu akaweka magumu: hakuna mwanafunzi atakayefika kwenye mwamba kabla ya kuweza kuelea peke yake, na kuogelea kutoka boya moja hadi jingine mbele ya macho yake yeye mkuu. Alidhani ameyamaliza. Muhula mzima uliofuata, mwalimu na mzamiaji walifundisha kuogelea kwenye maji ya kina kifupi, miwani kumi kwa wanafunzi arobaini, wakipokezana.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Wazazi kadhaa hawakutaka mabinti zao waonekane na nguo za kuogelea za madukani, na mwalimu hakuona sababu ya kuwalaumu. Alimpigia mama yake. Bibi huyo alikuja na cherehani yake, akawapima wasichana mmoja mmoja, akawashonea suruali na magauni mafupi ya mikono mirefu, ya kitambaa kisichovutika kikilowa. Alipomaliza alisema sasa anaweza kurudi kwao. Hajarudi hadi leo. Asubuhi za mazoezi utamkuta ufukweni na taulo mabegani, akiwakaripia wanaochelewa kujifuta.

Aliyebaki mgumu alikuwa muuza nyama. Yeye hakuwa na neno na nguo wala maji. Tatizo lake lilikuwa mtihani. Binti yake ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika kidato cha tatu, na hakutaka apotezewe muda. Mwalimu alimfuata buchani, akapanga foleni kama wateja wengine, na zamu yake ilipofika akamweleza shida yake badala ya kuagiza nyama.

"Mwalimu, mtihani hauulizwi chini ya maji," alimjibu huku akiendelea kukata.

Walizungumza foleni ikinung'unika nyuma yao. Mwishowe walikubaliana: alama za biolojia zikishuka, mwalimu mwenyewe atamtoa binti kwenye kundi. Hazikushuka. Za hesabu ndizo zilizoshuka kidogo, na baba mtu alipiga simu siku hiyohiyo. Ilibidi mwalimu wa hesabu atafutwe, naye akamfundisha binti wakati wa mapumziko mpaka mambo yakakaa sawa.

Siku ya kwanza ya kwenda kwenye mwamba, baada ya wanafunzi kuogelea boya hadi boya mbele yake, mkuu wa shule alisimama ndani ya boti akiwa amevaa jaketi la kujiokolea juu ya shati lake la kazini. Wanafunzi walishuka majini jozi baada ya jozi. Walipopanda tena walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja. Kijana mmoja alisema upande wa kusini ndio mzuri kuliko wote, kwa sababu kule matumbawe ni meupe pepepe.

Mwalimu akawaeleza. Weupe ule ulikuwa ugonjwa. Maji yakizidi joto, tumbawe hufukuza ule mwani unaolilisha, likabaki bila rangi na bila chakula. Halijafa bado, lina njaa. Joto likipungua mapema hupona, likiendelea hufa.

"Wote waligeuka kuutazama tena upande wa kusini," anasema. "Nikajua nimewaharibia siku. Kisha yule binti wa buchani akaniuliza, sasa sisi tunafanya nini?"

Walichofanya kiliwachukua miezi. Kwa kibali cha ofisi ya hifadhi ya bahari, na ofisa wake akiwasimamia, waliokota vipande vya matumbawe hai vilivyokuwa vimevunjika na kutapakaa mchangani, wakavifunga kwenye fremu za chuma, wakaziweka mahali ambapo wanafunzi wangeweza kuzifikia. Walikiita kitalu. Kila jozi ilikuwa na vipande vyake na ilivipima kwa rula.

Msimu wa joto uliofuata, vyote vilipauka, kisha vikafa. Mwalimu aliwapeleka wakaone, kwa sababu hakutaka kuwaficha. Wapo waliolia. Yeye alijizuia mpaka alipofika nyumbani, akaketi jikoni na nguo zake mbichi, na mama yake akamkuta hivyo. Alimwambia mama kwamba amewafundisha watoto kupenda kitu, halafu akawaonyesha kinavyokufa. Mama aliinama. Alimvua viatu, akamwekea chai.

Alikuwa amekwisha kuamua kuacha. Lakini wakati wa masomo wanafunzi walikuwa wamepewa zoezi la kufunga vipimajoto viwili baharini, kimoja karibu na kitalu na kingine chini zaidi, kwenye mkondo wa maji ya kina kirefu, kilichoshushwa kwa kamba kutoka botini. Binti wa buchani na mwenzake walimletea majibu yao ubaoni. Kule mkondoni, hata katika wiki mbaya kuliko zote, maji yalikuwa baridi zaidi kuliko kitaluni. Hawakuwa na maneno mengi. Walisema tu kwamba fremu ziliwekwa mahali pabaya.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa na shida yake. Kule mkondoni mtoto haruhusiwi kuzama, kwani chini ni kina cha kuimeza nyumba ya ghorofa. Mzamiaji angeweza, ila fremu ilihitaji watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kufunga. Wanafunzi hawakuuliza nani. Walimtazama.

Mwalimu alifanya mazoezi majuma kadhaa. Aliongeza pumzi zake kidogokidogo, akajifunza kutuliza masikio yanapobanwa na maji. Siku yenyewe boti ilijaa wanafunzi waliokuja kutazama, mkuu wa shule akiwa kati yao. Alivuta pumzi, akashuka akiwa ameshika ncha ya fremu yenye vipande vipya, mzamiaji akishika nyingine.

Mbizi ya kwanza aliachia kabla ya kufika, akapanda juu akihema. Ya pili fremu ilifika chini, lakini vidole vilimgoma. Alipanda, akashikilia ukingo wa boti, akataka kusema imetosha. Anasema hakuna aliyemhimiza, na hilo lilimsaidia. Walimwachia nafasi ya kukataa. Akashuka tena. Safari hii alifunga fundo la kwanza, akakaza la pili, akalivuta kuhakikisha, ndipo akapanda.

"Nilipotoka, nilimsikia mkuu wa shule anapiga makofi kabla ya watoto," anasema. "Yule mtu hajawahi kunipigia makofi hata kwenye mahafali."

Msimu wa joto uliofuata, vipande vingi vya mkondoni vilibaki na rangi zao. Vichache vilikufa, na wanafunzi wanaandika vya kufa na vya kupona vilevile. Leo fremu ile, na nyingine zilizoifuata, hazionekani vizuri. Matumbawe yamezifunika, na samaki wadogo wamehamia humo bila kumwomba mtu ruhusa.

Yule binti amemaliza shule. Hakuchagua bahari, anasomea uuguzi. Mwalimu anapoulizwa kama hilo lilimvunja moyo, anacheka. "Sikuwa natafuta wavuvi wala wazamiaji," anasema. "Nilitaka watu wanaouliza, kisha wakaenda kuangalia. Mgonjwa naye anamhitaji mtu wa hivyo." Baba wa binti, naye, hutoa boksi la barafu kila kundi jipya linapoanza mazoezi, na bado huuliza habari za hesabu.

Kinachomsumbua mwalimu sasa ni kwamba yeye ni mwajiriwa, na barua ya uhamisho inaweza kufika siku yoyote. Anataka kazi hii isimtegemee. Kwa hiyo amemwomba mwalimu wa hesabu, yule wa wakati wa mapumziko, ajifunze. Ni mwanamume mrefu, mchangamfu, anayeogopa maji hadi ya mvua.

Wanafunzi wakiwa wamekwisha kutoka na kujifuta, mwalimu wa hesabu anaingia. Anatembea polepole mpaka maji yanamfika kiunoni. Anauliza kama pale pana kitu kinachouma. Anaambiwa kipo, ila hakina shida naye. Wanafunzi wamekaa mchangani, wametulia, maana wameonywa kutocheka.

Anavaa miwani, anauma mrija, anainama. Mwalimu wa biolojia amemshika mikono yote miwili na anahesabu pumzi zake kwa sauti ya chini. Miguu ya mwenzake inainuka mchangani, inarudi, inainuka tena. Anamwachia mkono mmoja. Anasubiri. Kisha anamwachia na wa pili, anarudi nyuma hatua moja, na kuwaashiria wanafunzi wasimwambie.