Mama Bobini na Daftari la Cherehani

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Bobini, kutokana na kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini wa cherehani, na wapo waliokaa jirani naye miaka kumi bila kujua kwamba ana jina jingine. Alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Kushona kwenyewe hakukuweza, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo; pindo lake lilikwenda upande kama mtu aliyeteguka mguu. Lakini mletee cherehani iliyokwama, au inayoruka mishono, au inayokata uzi kila baada ya kiganja kimoja cha kitambaa. Atalizungusha gurudumu mara mbili kwa mkono, atege sikio, kisha akutajie ugonjwa wake kabla hujapata pa kukaa.

Ufundi huo hakuutoa kwao. Alifundishwa na baba mkwe. Alipoolewa, alikuta chumba cha mbele kimejaa cherehani hadi dirishani, na mzee peke yake katikati, ameinama. Mtoto wa kiume wa mzee, yaani mume wa Mama Bobini, hakutaka hata kuiona bisibisi. Yeye alipenda magari, akaenda zake kuwa dereva wa lori. Bibi harusi ndiye aliyekuwa akipita na ndoo ya kupigia deki, anasimama, anaangalia, anasahau deki. Siku moja mzee alimwomba amshikie tochi atafute skrubu iliyodondoka. Alimshikia tochi hiyo miaka tisa, na mwaka wa mwisho mkwe ndiye aliyeshika bisibisi na mzee ndiye aliyeshika tochi.

Mzee alipofariki, alimwachia chumba, vifaa na daftari. Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu jeusi, limeloa mafuta ya cherehani pembeni hadi kurasa zimekuwa kama ngozi. Humo kila aina ya cherehani waliyowahi kuifungua ilikuwa na ukurasa wake: njia ya uzi imechorwa kwa mishale, chini yake ugonjwa, na chini ya ugonjwa, dawa. Nusu ya kwanza ilikuwa mwandiko wa mzee, wa wino, umeegemea kulia. Nusu ya pili ilikuwa mwandiko wa mkwewe, mnene, kwa kalamu yoyote iliyokuwa karibu. Daftari hilo halikutoka nje ya chumba. Aliyetaka kulisoma alivutiwa kigoda, akalisoma palepale.

Ndivyo alivyovutiwa kigoda mwalimu wa ushonaji, mwanamke wa makamo kutoka chuo cha ufundi cha mji wa pili, aliyekuja na cherehani tatu zilizokufa. Wakati akisubiri alianza kulifunua daftari, na chai aliyopewa ikapoa hadi ikafanya utando. Mwishowe aliuliza kama angeweza kuliazima siku mbili tu, awatolee wanafunzi wake nakala.

Mama Bobini alilishika daftari kwa mikono miwili kabla hajajibu.

"Mwalimu, nikikupa hili sitalala mpaka lirudi. Na wewe hutalala, maana nitakuwa nakupigia simu."

Walikubaliana kwamba atazipiga picha kurasa zote na kumtumia. Simu alikuwa nayo, tena mpya, zawadi ya binti yake ambaye ni muuguzi na anafanya kazi mbali. Mwalimu alipoondoka tu, Mama Bobini alilitandaza daftari mezani, akasimama juu yake na kupiga picha mfululizo, kurasa sitini na moja. Akazituma zote kwa mkupuo, akanawa mikono, akajiona amemaliza kazi.

Asubuhi yake mwalimu alipiga simu, na kwa sauti yake ulijua kwamba anatafuta namna ya kusema bila kuudhi. Picha nyingi zilikuwa hazifunguki. Kompyuta ya chuo ilidai kwamba haiitambui aina hiyo ya faili, na simu za wanafunzi wengi nazo zilikataa. Zile chache zilizofunguka zilikuja shaghalabaghala, hata mwanafunzi mmoja akaanza kupitisha uzi kwa kufuata ukurasa wa cherehani moja na kumalizia kwa ukurasa wa nyingine, na sindano ikavunjika. Halafu kulikuwa na picha moja ya kidole gumba kitupu. Hiyo, mwalimu alisema, ilikuwa safi kuliko zote.

Mama Bobini alicheka, lakini moyoni lilimkera. Si mtu aliyezoea kazi yake kurudishwa. Mumewe, ambaye sasa alikuwa amestaafu udereva na kubaki nyumbani na maoni juu ya kila kitu, alishauri simu irudishwe kwa binti yao, kwa sababu gari lisilokubali dizeli ya kila kituo litakulaza njiani.  Mama Bobini alijifunga kitambaa kichwani, akachukua simu, akaenda kwa wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa na duka la stesheneri milango mitatu kutoka pale. Alikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala, na ulimi usiomwacha mtu salama. Hawa wawili walikuwa wakitaniana tangu siku ya posa, na hakuna aliyewahi kukubali kushindwa.

"Leo fundi ameshindwa na kidude cha kuingia mfukoni," wifi alisema alipomaliza kusikiliza.

"Kidude hakina skrubu, wifi. Kingekuwa na skrubu nisingekuja kwako."

Wifi alimwekea kiti na kumweleza taratibu. Simu yake mpya huhifadhi picha kwa namna yake yenyewe ili zisijaze nafasi, na vifaa vingine, hasa vya zamani, haviijui namna hiyo. Kilichotakiwa ni PDF. Picha zote zinaingia kwenye faili moja, kila ukurasa mahali pake, na faili hiyo inafunguka kwenye simu yoyote na kompyuta yoyote, na ukiichapa inatoka vilevile ulivyoipanga. Alisema kuzigeuza zile za jana ni kazi ya dakika chache. Lakini alipozikuza kwenye kioo cha kompyuta, wote wawili walisogeza vichwa karibu. Katika kila picha kulikuwa na kivuli cha kichwa cha Mama Bobini. Kurasa zilijikunja katikati, na mishale ya mzee, ambayo ndiyo hasa iliyohitajika, ilizama kwenye weusi.

"Hizi tukizigeuza, tutampa mwalimu giza linalofunguka," wifi alisema. "Piga upya."

Akambadilishia mipangilio ya simu ili iwe inahifadhi picha kwa namna ya kawaida, akamwekea na programu ya kunasa kurasa na kuzinyoosha. Kisha akampa masharti: apige mchana, karibu na mlango, mwanga utokee pembeni na si nyuma yake, atandike kitu cheupe chini, na mtu wa pili ashike kurasa zisijikunje.

Mtu wa pili alikuwa mmoja tu nyumbani. Kesho yake, saa nne asubuhi, mume aliitwa, akakalishwa kwenye kigoda mbele ya shuka jeupe, akaambiwa kazi yake ni kubana pembe za ukurasa kwa ncha za vidole na kutotia neno. La kwanza alilifanya vizuri. Kwa la pili alijitahidi. Alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu kuzaliwa, na lile daftari alikuwa ameliona kila siku aliyokuwa nyumbani, lakini hakuwahi kulifunua. Sasa alilifunua ukurasa kwa ukurasa, na Mama Bobini aliona kwamba anasoma.

Walifika ukurasa wa kumi na saba. Ulikuwa wa cherehani ya kukanyaga, yenye mkanda wa ngozi unaolegea. Mama Bobini aliinua simu, akasubiri pembe zibanwe. Hazikubanwa. Mumewe alikuwa ameinama juu ya ukingo wa ukurasa, pale mzee alipoandika kwa herufi ndogo, pembeni kabisa, maneno yasiyohusu mkanda: *Leo kijana amepata leseni ya lori. Amefurahi sana. Na mimi pia.*

Aliyafuata maneno hayo kwa kidole hadi mwisho, akarudi mwanzo.

"Ulijua kwamba hii ipo?"

"Nimeipita mara nyingi mno," mkewe alisema. "Nilidhani alikuonyesha mwenyewe."

Hakuonyeshwa. Ndipo alipomsimulia kisa ambacho katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kukitoa. Siku ile aliingia chumba hiki hiki na leseni mkononi, akaiweka mbele ya baba yake. Mzee aliitazama, akairudisha, akaendelea kutia mafuta. Hakusema zuri wala baya. Kijana akatoka akiwa na hakika kwamba amemvunja baba yake moyo kwa kuukimbia ufundi wa nyumbani, na hakika hiyo alisafiri nayo kwenye lori njia zote alizopita. Hata mkewe alipoanza kufundishwa, alifurahi kwa ajili yake, lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kama mchanga kwenye kiatu.

Mama Bobini aliweka simu chini, akakaa sakafuni karibu naye. Alimwambia kwamba mzee hakuwa mtu wa kusema. Yeye mwenyewe katika miaka tisa aliambiwa "vizuri" mara mbili, na mara moja kati ya hizo mzee alikuwa akizungumza na cherehani. Mume alicheka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akabana pembe za ukurasa. Programu ilipouliza kingo zikatwe wapi, Mama Bobini alikusudia kuyaacha nje yale maneno ya pembeni, kwani ni ya nyumbani.

"Yaache yaingie," mumewe alisema. "Wasome na wao."

Waliendelea hadi adhuhuri. Mara mbili walilazimika kurudi nyuma kwa sababu kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta, na mara moja kwa sababu bwana alikuwa ameanza kusoma ukurasa unaofuata na kukiacha kiganja chake chote juu ya huu. Wifi alizipanga zile kurasa dukani kwake, mwenyewe akisoma kimyakimya ule wa kumi na saba mara mbili. Safari hii hakutania. Faili ilipokamilika, ilikuwa nzito mno na ilikataa kutumwa. Akaipunguza, herufi zikafifia. Akaipunguza kidogo tu, ikakubali. Waliijaribu kwenye kompyuta yake, kisha kwenye simu ya kizamani ya kaka yake yenye kioo kilichopasuka, kisha kwenye simu ya mteja aliyekuja kununua bahasha. Ikafunguka kote, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio. Mteja aliuliza kama na yeye anaweza kubaki nayo, maana shangazi yake ana cherehani.

Mwalimu aliipokea siku hiyo hiyo. Kabla wiki haijaisha alituma picha ya darasa lake: nakala iliyochapwa iko kando ya kila cherehani, na wanafunzi wawili wanabishana, vidole vyao juu ya mshale mmoja. Alieleza pia kwamba mmoja wao aliuliza kama leseni ya lori ina uhusiano wowote na kulegea kwa mkanda. Mume wa Mama Bobini alilisimulia hilo kwa kila aliyepita mlangoni, na kila alipolisimulia liliongezeka kidogo.

Mafundi wengine nao walianza kuliomba daftari. Mama Bobini aligundua kwamba kulitoa hakumnyimi usingizi tena. Alibonyeza mara moja, likaenda, na huku likabaki mezani na harufu yake ya mafuta. Aliwatumia hata wawili ambao zamani walikuwa wakimwibia wateja.

Kisha, siku moja baada ya chakula cha mchana, simu yake ililia. Mwalimu alikuwa amemtumia faili yenye ukurasa mmoja tu. Mwanafunzi mmoja, binti mpole wa viti vya nyuma, alikuwa amechora njia ya uzi ya cherehani mpya ya umeme ambayo haikuwemo kwenye daftari, kwa mishale ya namna ileile, na ugonjwa na dawa chini yake. Aliomba fundi amwangalizie. Mama Bobini alitoka nayo hadi mlangoni, akaikuza kwa vidole viwili, akaifuata mishale mmoja baada ya mwingine huku midomo ikichezacheza. Halafu akapiga simu chuoni na kuomba apewe yule binti mwenyewe.

"Mshale wa tatu upite chini ya kile kichuma, si juu," alimwambia. "Mengine yote, vizuri."

Alipokata simu alivuta daftari, akafungua penye nafasi, na kuanza kuunakili ule ukurasa kwa mkono, polepole, akiwa na mashaka kidogo kama mishale yake imenyooka kama ya yule binti.