Mjomba Wilondja na Kinga Iliyomzidi Kimo

Enzi zetu pale Baraka, mtoto hakuulizwa kama anajua kuendesha kinga. Aliulizwa alianguka wapi. Kinga ndiyo baiskeli, kama wanavyoiita wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, na zile za wakati ule zilikuwa ndefu, nyeusi na nzito, kama zilitengenezewa ndege korongo. Sisi wadogo tulipitisha mguu mmoja chini ya kile chuma cha juu, mwili ukaning'inia upande, tukakanyaga hivyo hivyo mpaka mchangani karibu na ziwa. Wewe wa rika langu unayesoma haya, papasa goti lako. Kovu bado lipo, au nasema uongo?

Asubuhi zilinukia ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa. Jioni zilinukia mawese yakichemka, na katika kila ua ilisikika twanga, twanga, sombe, majani ya mihogo, likipondwa. Shuleni moniteur, mwalimu wetu, alikuwa na fimbo iliyojua majina yetu sote. Lakini somo kubwa kuliko yote halikufundishwa shuleni, lilifundishwa njiani: salamu. Mama yangu alikuwa akisema, "Mutoto anasalimia mbele ya kula." Ukikutana na mtu mzima, unasimama. Una mzigo kichwani, unautua. Una kofia, unaivua. Uko juu ya kinga, unashuka, miguu yote miwili inakanyaga udongo, unauliza habari za nyumbani, za mashamba, za mgonjwa kama yupo, ndipo unaendelea. Kutoka Baraka kwenda Lubondja mtu angeweza kumaliza siku nzima, na si kwa sababu ya milima.

Sasa mjomba wangu Wilondja, mdogo wake mama, Mungu alimpa kila kitu isipokuwa urefu. Alikuwa na sauti nzuri, mikono ya kazi, na kicheko kilichosikika nyumba ya tatu. Alikwenda Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu, akarudi na kinga mpya. Dukani walikuwa na kipimo kimoja tu, kile cha watu warefu. Mwenye duka akamwambia, "Utazoea." Jamani! Miguu huzoea kurefuka?

Fundi wa karibu na soko alifanya alichoweza. Alishusha kiti mpaka kikakaa juu ya chuma. Akafunga vibao kwenye pedali kwa mipira iliyokatwa, ili mguu wa mjomba uzifikie. Kukanyaga, mjomba aliweza. Tabu ilikuwa kushuka. Kile chuma cha juu kilikuwa juu kuliko pale miguu yake ilipoanzia, kwa hiyo hakuweza kusimama nacho katikati kama watu wengine. "Kiti ninashusha, pedali ninanyanyua," fundi akasema. "Kadre hapana. Kadre njo mifupa ya kinga." Basi mjomba akawa anashukia juu ya jiwe, kichuguu au gogo. Mawe yote ya njia ile aliyajua. Pasipo na jiwe, hashuki.

Kazi yake ilikuwa kupeleka ndagala Lubondja na kurudi na karanga. Huko ndiko alikomwona Eliza. Nilimpenda Eliza tangu siku aliyokuja kwetu na shangazi yake, na Eliza mwenyewe akanisuka nywele bila kunivuta hata mara moja, tena akinisimulia hadithi. Niliomba kila usiku aje awe wetu. Wazee wa kwetu walikuwa wameshapeleka neno la posa kwa baba yake, mzee Etabo, naye alikuwa bado hajajibu. Tulikuwa tunangoja jibu hilo tu.

Ndipo siku moja mjomba akakutana na mzee Etabo mahali pabaya kuliko pote: njia tambarare katikati ya mihogo, hakuna jiwe, hakuna gogo. Mjomba alipunguza mwendo, macho yakatafuta huku na huku, kinga ikaanza kuyumba. Angeanguka na mzigo wake miguuni pa mzee. Akavua kofia akapiga kelele, "Yambo, baba! Yambo sana!" Akapita. Alipopata kichuguu mbele, akashuka na kurudi mbio, mzee alikuwa ameshaingia mashambani.

Jibu letu lilikuja na mama mmoja wa Lubondja aliyefuata chumvi Baraka. Alilitoa kama alivyopewa: "Muzee anasema, mutoto wake hawezi kuolewa na mutu mwenye kumusalimia toka juu, sawa muzungu wa bureau."

Loo! Neno hilo lilituingia. Wazungu wa bureau, wale wa ofisi ya serikali, ndio waliopita bila kushuka, nasi tukasimama kando kofia mkononi. Kufananishwa nao, mtoto wa watu wa hapa hapa, ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mjomba aliacha kula. Mama alipika samaki mbichi kwa mawese, yeye akakaa anaitazama sahani. Kile kicheko kikapotea, na mimi nikalia nyuma ya jiko nikijua Eliza ndiyo basi tena.

"Nitaenda kwa miguu, nimuombe musamaha," mjomba akasema.

"Ukienda kwa miguu atasema umeficha kinga," mama akajibu. "Uende nayo. Ushuke mbele yake."

"Nitashuka namna gani, dada?"

Hapo lazima nimtaje katekista wetu, mtu mrefu ajabu, mlango wowote aliingia ameinama. Madamu mmoja muuguzi alipokuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia kinga yake, kinga ya kike, ile isiyo na chuma cha juu, kadre imeinama katikati na iko chini. Katekista akiiendesha, magoti yalimfika karibu na masikio. Watoto tulimfuata tukicheka mpaka tunakaa chini. Mara nyingi alikuwa amemwomba mjomba wabadilishane, na mara zote mjomba alijibu, "Miye nipande kinga ya mwanamuke? Afazali nitembee." Basi wanaume wawili wakateseka katika mji mmoja, kila mmoja juu ya kinga ya mwenzake.

Mama hakuomba ruhusa. Alikwenda kwa katekista na kinga ya mjomba, akarudi akisukuma kile kikinga, akakisimamisha uani. "Simama hapa." Mjomba akasimama nacho katikati ya miguu. Nyayo zote mbili zilikuwa chini, bapa. Fundi aliyekuja kutazama akamwambia aweke kwapa juu ya kiti na kunyoosha mkono. Vidole vikafika pale pedali zinapoungana. "Njo kipimo chako," fundi akasema. Mjomba akaitazama ile kadre iliyoinama kama mtu anayetazama dawa chungu.

"Wilondja," mama akasema, "unataka nini: kinga ya kiume ao bibi?"

Siku ya safari mama alinipakia nyuma juu ya mzigo, ili awe na shahidi wa kumletea habari. Tulipopita sokoni, wauza samaki walishika mbavu. "Yambo, mama Wilondja! Watoto hawajambo?" Shingo ya mjomba ilitoa jasho mbele ya macho yangu, nami niliona haya mpaka nikajifunika uso kwa kitenge. Yeye akazidi kukanyaga.

Lakini tulipouacha mji ukatokea ulevi wa aina yake. Mjomba aligundua anaweza kusimama popote! Bibi kizee na kuni zake, mjomba chini. Mwanamume na jembe lake, mjomba chini. Wachunga ng'ombe walioteremka kutoka milimani, mjomba chini, tukauliza hata habari za ndama. Nadhani alimshukia hata mbuzi mmoja. Milimani tulisukuma, mteremkoni tuliimba, na tulifika Lubondja jua limeshapinda.

Mzee Etabo alikuwa mbele ya nyumba yake anachonga mpini. Mjomba alifunga breki mbali kidogo, akaweka mguu chini, halafu wa pili. Akanishusha, akalaza kinga, akaenda kofia mkononi, akapiga goti kidogo. "Yambo, baba."

Mzee hakumtazama. Alitazama kinga, kwa muda mrefu. 

"Hii kinga ni ya mwanamuke," akasema.

"Ndiyo, baba. Ile ya mwanaume ilinikatalia kushuka."

"Na batu ba Baraka banasema nini?"

"Banacheka, baba."

"Na weye?"

"Miye nimeshuka."

Mzee akaendelea kuchonga. Akapuliza vumbi la mti, akautazama mpini kama umenyooka. Kisha, bila kuinua kichwa, akaita, "Eliza! Leta maji. Bageni bamefika." Eliza alitokea upesi mno kwa mtu aliyekuwa ndani anafanya kazi, kikombe tayari mkononi. Nilikunywa wa kwanza, na sijanywa maji matamu kama yale tena.

Walioana. Mwaka haukupita Eliza naye akajifunza, na tulizoea kumwona yeye ndiye anayekanyaga, mjomba amekaa nyuma na ndagala zake, anacheka kile kicheko. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Mungu awapumzishe.

Siku hizi vijana wetu wana pikipiki za kila kimo. Miguu yao inafika chini bila tabu, hata kiti hawahitaji kushusha. Simu sikioni, miwani usoni, vumbi nyuma. Siwalaumu sana, labda wana haraka ya kwenda kutafuta mtandao. Juzi nilikuwa natoka sokoni polepole na fimbo yangu, nikasikia honi ya pikipiki. Nilisogea kando, nikashika kilemba, nikafungua mdomo niseme yambo. Kijana alishapita. Nikawauliza wamama wanaouza ndagala pale, yule ni mtoto wa nani?

"Humujue?" wakasema. "Ule ni mujukuu wa Wilondja."